Mrejesho katika Mkondo Wenye Wasemaji Wawili

Tuchukulie wapiga ngoma wawili katika miteremko ya Uluguru, ngoma zao zikiwa za mlio mmoja, wakimpelekea habari msikilizaji aliye mjini Morogoro. Katika kila zamu kila mmoja ama hupiga ama hunyamaza. Msikilizaji akisikia milio miwili, au kimya, hana shaka. Akisikia mmoja, hajui umetoka kwa nani.

Mwaka 1956 Claude Shannon alithibitisha kwamba katika mkondo usio na kumbukumbu, wenye msemaji mmoja, mrejesho hauongezi uwezo hata chembe. Mwaka 1975 Gaarder na Wolf walionyesha kuwa penye wasemaji wawili mambo ni mengine. Wapigaji wakirudishiwa kilichosikika mjini, kila mmoja, kwa kuwa alijua pigo lake, hulitambua na la mwenzake. Basi hushirikiana kuuondoa utata. Nyongeza, nakiri, ni ndogo: jumla ya biti 1.5 kwa zamu hufikia takriban 1.52.

Kwa hiyo wanaistilahi tusichanganye mwitiko na mrejesho. Mtambaji anayeitikiwa “Pakawa!” hapewi nafasi ya maneno zaidi, huhakikishiwa tu kwamba hadhira haijalala. Mrejesho humrudishia msemaji kile hasa kilichosikika.