Na kama si msimamizi? Utata wa ‘kama’ kwenye tarakilishi

Katika somo la tafsiri muhula uliopita, niliwapa wanafunzi wangu maagizo mafupi mafupi ya Kiingereza yanayoonekana kwenye tarakilishi ili wayatafsiri. Mojawapo ni lile linalojitokeza unapobofya ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia cha puku, la kutaka programu hiyo ifunguke kwa nguvu za msimamizi wa mitambo. Takriban darasa zima liliandika: ‘Fungua kama msimamizi.’ Nilipokuwa nikiyasoma majibu kwa sauti, mmoja wa waliokaa nyuma akauliza, “Na kama si msimamizi, nisifungue?”

Tulicheka sana. Hata hivyo, swali lile lilinikaa akilini. Kwanza, lilionyesha kuwa Kiswahili chetu kilikuwa kimesema jambo ambalo hatukulikusudia. Pili, mwaka 2018 mimi mwenyewe niliwahi kufungiwa nje ya tarakilishi, zimesalia siku mbili niwasilishe alama za mtihani, kwa sababu sikuelewa maana halisi ya agizo hilo hilo.

Tuanze na neno ‘kama’. Kwa kawaida neno hili hutumika kuonyesha sharti, mathalani ‘Kama mvua itanyesha, hatutatoka.’ Aidha, hulinganisha: ‘Ana mbio kama swara.’ Hutumika pia kudokeza jambo lisilo na hakika: ‘Sijui kama amefika.’ Matumizi ya nne, ya kuonyesha wadhifa, yameenea mno siku hizi, na nadhani yameenea kwa kuigwa kutoka Kiingereza: ‘Alihudumu kama katibu wa chama.’ Wapo walimu wanaoikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Mimi si mkali kiasi hicho, ila nakubali kuwa inaacha mwanya. Aliyehudumu ‘kama katibu’ huenda hakuwa katibu. Alifanana naye tu. ‘Alihudumu akiwa katibu’ haiachi shaka hiyo.

Sasa rejelea ‘Fungua kama msimamizi’. Mwanafunzi wangu alisikia sharti: fungua ikiwa wewe ni msimamizi. Mwingine angeweza kusikia mlinganisho: fungua jinsi msimamizi afunguavyo. Aliyezoea Kiingereza atasikia wadhifa: fungua ukiwa msimamizi. Ajabu ni kwamba hakuna hata moja kati ya maana hizo tatu inayoeleza linalotendeka ndani ya mashine. Zote zinamtazama mtu aliyeketi mbele ya kioo, ilhali tarakilishi haimpi mtu huyo chochote. Inachokipa mamlaka ni programu.

Nieleze kisa changu. Tarakilishi ya ofisi yetu ya walimu ilikuwa ikitumia Ubuntu, mfumo uliozinduliwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. (Jina lenyewe ni la lugha za Kinguni, na msomaji wa safu hii hahitaji kuambiwa kuwa ‘ubuntu’ na ‘utu’ ni ndugu wa damu.) Kikagua tahajia cha Kiswahili kilikuwa kikichora mistari myekundu chini ya istilahi kadhaa za isimu ninazozitumia kila siku, nami nikaona niziongeze kwenye orodha yake ya maneno ili walimu wote wanaotumia mashine ile wafaidi. Orodha hiyo ni faili ya kawaida ya maandishi iliyo katika kabrasha la /usr/share/hunspell. Mstari wake wa kwanza ni tarakimu inayokadiria idadi ya maneno, kisha maneno yanafuata, moja kwa kila mstari.

Niliibofya, ikafunguka. Nikaisoma vizuri kabisa. Nilipotaka kuandika, ikakataa.

Kwa nini ifunguke kisha ikatae? Katika mifumo ya jamii ya Unix, kila faili ina mmiliki wake, na imeandikiwa ruhusa za aina tatu: kuisoma, kuiandika na kuitekeleza. Ruhusa hizo hugawiwa mara tatu, yaani kwa mmiliki, kwa kundi lake na kwa watu wengine wote. Faili za mfumo aghalabu humilikiwa na akaunti moja kuu iitwayo root. Mmiliki anaweza kuzisoma na kuziandika, sisi wengine tunaweza kuzisoma tu. Hiyo si hila ya mtu. Bila utaratibu huo, programu yoyote mbovu ingeweza kuivuruga mashine nzima kupitia kwa yeyote aliyeingia. (Jina root nalo limewatoa jasho watafsiri. Wengine husema ‘mtumiaji mzizi’, nami kila nikilisikia nadhani tumerudi kwenye mofolojia. Ningependelea ‘msimamizi mkuu’.)

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa Hisabati, alinishauri nitumie gksudo, amri aliyoizoea kwa kufungua programu za madirisha kwa nguvu za msimamizi. Hatukuipata. Toleo la 18.04, lililotoka Aprili mwaka huo, halikuwa nayo tena. “Basi andika sudo tu, ni kitu kimoja,” akaniambia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Amri ya sudo ni ya siku nyingi. Iliundwa mnamo 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika chuo kikuu cha jimbo la New York kilichoko Buffalo, Marekani. Jina lake ni su, amri ya kale ya kubadilisha mtumiaji, ikiunganishwa na kitenzi cha Kiingereza do. Ukiitanguliza mbele ya amri nyingine na kuandika nywila yako, amri hiyo inatekelezwa kwa jina la msimamizi mkuu. Nilifungua lile dirisha jeusi la maagizo, nikaandika sudo gedit na jina la faili. Kihariri matini kikafunguka. Nikaongeza maneno yangu, nikahifadhi, nikaenda zangu nyumbani nikiwa nimeridhika.

Asubuhi yake niliandika nywila yangu, kioo kikapepesa, kikanirudisha palepale pa kuandika nywila. Nikaandika tena. Kikanirudisha tena. Alama za wanafunzi wa Kidato cha Nne zilikuwa ndani ya akaunti ile, na hazikuwa kwingineko. Nilijaribu mara nyingi nisizotaka kuzitaja, kisha nikampigia simu kijana anayetutengenezea mitambo.

“Mwalimu, jana ulifungua nini na sudo?”

“Kamusi tu, kijana wangu.”

“Kamusi gani hiyo inataka sudo?”

Kumbe nilipofungua kihariri kwa njia ile, si faili moja niliyoifungua kwa nguvu za msimamizi. Nilikuwa nimekipa kihariri kizima nguvu hizo. Na programu ya madirisha haifanyi kazi moja. Ukiifungua tu, inaanza kuandika mambo yake chinichini: faili ulizozisoma karibuni, ukubwa wa dirisha, mipangilio unayoipenda. Katika matoleo ya Ubuntu ya wakati huo, programu iliyofunguliwa kwa sudo iliendelea kulihesabu kabrasha la mtumiaji aliyeiita kuwa ndilo makao yake. Kwa hivyo mambo hayo yaliandikwa katika kabrasha langu, lakini yakatiwa jina la root. Siku iliyofuata, nilipoingia kwa jina langu la kawaida, eneokazi langu lilitaka kuandika katika faili zake lenyewe likakuta zina mwenyewe mwingine. Likashindwa, likanirudisha mlangoni.

Kijana alifika saa nane mchana. Alibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, akaingia kupitia kioo cheusi kisichohitaji eneokazi, akazirudisha zile faili katika umiliki wangu kwa amri ya chown. Haikumchukua dakika tano. Mimi nilikuwa nimepoteza siku nzima.

Watumiaji wa Windows wasicheke. Tangu toleo la Vista, hata mtu ambaye ni msimamizi kwa cheo hufungua programu zake kwa uwezo wa kawaida, na lile dirisha la kuuliza ‘Je, unakubali?’ hujitokeza pale tu programu inapohitaji uwezo zaidi. Bofya faili ya maandishi kwa kitufe cha kulia: hutaliona agizo lile la msimamizi. Bofya ikoni ya Notepad yenyewe: utaliona. Anayetaka kuhariri faili ya hosts ya Windows hulazimika kwanza kuipa Notepad mamlaka, kisha aitafute faili hiyo akiwa ndani ya Notepad. Faili haijifungui. Kitenzi ‘fungua’ kinatudanganya kidogo hapa, kwa maana kinamfanya mtumiaji aonekane ndiye mtenda ilhali mtenda ni programu.

Kuna njia nyingine katika Ubuntu na maeneokazi mengine ya GNOME, na ndiyo aliyonionyesha yule kijana kabla hajaondoka. Fungua dirisha la faili, bonyeza Ctrl na L ili upate mahali pa kuandika anwani, kisha andika admin:///usr/share/hunspell. Angalia hiyo mikwaju mitatu: miwili ya kwanza ni sehemu ya muundo wa anwani, wa tatu ndio mwanzo wa njia ya kabrasha. Ukiandika miwili tu, hufiki. Utaulizwa nywila, kabrasha litafunguka, na faili utakayoibofya itakubali kuandikwa. Kihariri chako kinabaki chako, kwa uwezo wako wa kawaida. Kazi ya kusoma na kuandika faili ile inafanywa na programu ndogo ya pembeni iliyopewa mamlaka kwa shughuli hiyo pekee. Mipangilio yako haiguswi. Kihariri cha Kate kinachotumika katika KDE nacho kina busara ya aina hiyo: kinakuacha uandike upendavyo, kisha kinakuomba nywila wakati wa kuhifadhi. Kwa wanaopenda dirisha jeusi, sudoedit hutengeneza nakala ya faili, inakupa nakala hiyo uihariri kwa uwezo wako, kisha inairudisha mahali pake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kutufaa kuliko Kiingereza tunachokitafsiri, kwa kuwa tuna maneno kadhaa ambayo tunayachanganya bila sababu. ‘Ruhusa’ ni neno la asili ya Kiarabu, la mzizi mmoja na ‘rahisi’. Ni jambo lililolegezwa, mlango ulioachwa wazi kwa watu wa aina fulani. Ndivyo zilivyo zile alama za kusoma na kuandika zilizobandikwa kwenye faili. ‘Mamlaka’ ni jamaa ya ‘milki’, ‘mmiliki’ na ‘malkia’. Mwenye mamlaka haombi. Vitu ni vyake. Hivyo ndivyo ilivyo akaunti ya root, na ndiyo hali niliyoiweka gedit bila kujua. ‘Idhini’ nayo inatoka katika mzizi uliotupa ‘adhana’ na ‘mwadhini’, na katika Kiarabu mzizi huo ndio wa neno la sikio. Ni kauli inayotamkwa na kusikika: umeomba, ukasikilizwa, ukakubaliwa kwa jambo hilo. ‘Kibali’ kiko karibu na idhini, ila masikioni mwangu kina harufu ya karatasi na muhuri, nami ningewaachia wenye kujenga nyumba na kuandaa mikutano.

Kwa hivyo, nilichokifanya mimi mwaka ule kilikuwa kufungua kihariri ‘kwa mamlaka ya msimamizi’. Nilichopaswa kufanya ni kuhariri faili ‘kwa idhini ya msimamizi’. Kiingereza kinazitaja hali hizo mbili kwa maneno yaleyale, na mtafsiri anayeng’ang’ania ‘kama’ anaurithi utata huo na kuuongezea wake. Anayesoma ‘kwa mamlaka’ anapata walau fununu kwamba kuna kitu kinachokabidhiwa nguvu zote. Anayesoma ‘kwa idhini’ anajua ni jambo moja, na likiisha limekwisha.

Nilirudi darasani juma lililofuata na swali lilelile. Safari hii nilipata majibu ya kila namna, likiwemo ‘Ifungue kisimamizi’, ambalo lilinifurahisha japo sikulipa alama. Yule wa nyuma, mwenye swali la sharti, aliandika: ‘Ipe programu hii mamlaka ya msimamizi.’ Ni ndefu kwa menyu, nakubali, na anayeunda programu atalalamika kuwa haitoshei. Lakini inamtaja anayepewa, inataja anachopewa, na mtumiaji atasita kidogo kabla ya kubofya. Nilimpa alama zote.

Na yale maneno yangu ya isimu? Sikudumu nayo. Faili zilizo katika /usr/share huletwa na mfumo wenyewe, na sasisho la kifurushi kile cha kamusi lilipokuja lilileta faili mpya na kuifuta niliyoihariri, pamoja na istilahi zangu zote. Sasa nimeziweka katika kamusi ya binafsi iliyo ndani ya kabrasha langu, na mwalimu mwenzangu anayezitaka huja na kijiti chake nikamnakilia. Huko naandika nitakavyo, na sijaulizwa nywila hata siku moja.