Ubao Usiokunywa Maji

Taruma la jahazi, yaani ubavu wake wa ndani, halipindwi, hutafutwa likiwa limeshapinda. Fundi wa vyombo huingia mikokoni akaipita miti iliyonyooka, akasimama chini ya tawi ambalo mjenzi wa nyumba asingelitupia jicho. Anatafuta mpindo alioumba Mungu, kwa kuwa hapo nyuzi za mti zimeufuata mpindo wenyewe. Ukichukua gogo lililonyooka ukalikata mviringo, nyuzi zinakatika njiani, na siku ya kusi kali hapo ndipo patakapoachia.

Miti ya namna hiyo inazidi kuadimika. Hapa Msuka msitu wa Ngezi tunao jirani, lakini ni hifadhi, hauingiwi na shoka. Mbao nzuri nyingi hutoka bara, na bei yake kila mwenye chombo anaijua. Ndiyo maana naona kazi ya Ali Skanda wa Lamu inatuhusu sisi watu wa Pemba kaskazini kuliko inavyowahusu waliomwandika sana magazetini.

Skanda ametoka katika ukoo wa mafundi, anaunda vyombo na kuchonga nakshi. Mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha la Smithsonian huko Washington, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuonyesha uundaji wa vyombo. Angeweza kuishia hapo, akabaki fundi wa maonyesho. Badala yake akaungana na Ben Morison na Dipesh Pabari kuunda jahazi la mita 9 lisilo na mti ndani ya mwili wake: mkuku ulio uti wa mgongo wake, mataruma na mbao zote ni taka za plastiki, tani 10 hivi, nyingi zikiwa zimeokotwa ufukweni. Chombo hicho walikiita Flipflopi. Kilishuliwa Lamu Septemba 2018, na Januari 2019 kikashika njia ya Unguja kwa upepo wa kaskazi, safari ya kilomita 500 hivi.

Waandishi walizipenda kandambili 30,000 zilizobandikwa ubavuni, na kweli zinapendeza. Mimi nilichokitamani ni kuchungulia ndani.

Mashine ya plastiki ina tabia yake. Taka huchambuliwa, huoshwa, husagwa na kuyeyushwa, kisha uji ule husukumwa ndani ya kalibu. Inachokitoa kwa urahisi ni ubao mnyoofu, kila mmoja sawa na mwenzake. Katika jahazi vitu vilivyonyooka hivyo ni vichache. Kwa hiyo taruma lenye mpindo hutaka kalibu yenye mpindo, na kalibu hiyo haiwezi kutengenezwa na mtu asiyejua taruma linakaaje juu ya mkuku. Jicho lile lililokuwa likichagua tawi linahamia kwenye kalibu: fundi aamue umbo kabla kitu hakijakuwepo, na akikosea kipimo mashine itamrudishia kosa lile lile katika kila taruma. Huo ndio ubunifu wa viwandani, na Skanda ameufikia kwa njia ya tezo.

Kisha kuna maji. Chombo cha mti kikishuliwa huvuja siku za mwanzo, halafu mbao hunywa maji zikavimba na kubana kalafati iliyojaza mianya. Plastiki hainywi. Mwanya ulioachwa utabaki vile vile hata chombo kikae baharini mwaka mzima. Jua nalo lina hesabu yake: ubao wa plastiki wa mita 9, joto likipanda nyuzi 20, huweza kurefuka sentimita 2 hadi 3, wakati ubao wa mti hautafika hata milimita 2. Tena plastiki ni laini. Ugumu wake dhidi ya kupinda unaweza kuwa sehemu moja tu ya kumi ya ule wa mbao ngumu, hivyo ubao uwe mnene zaidi na mataruma yasogezwe karibu. Anayenakili vipimo vya babu yake neno kwa neno atapata chombo kinachonesa.

Hata kutoboa tundu kunabadilika. Drili ya umeme ikienda kasi, plastiki huyeyuka na kung'ang'ania ncha. Keekee la kamba, kwa mwendo wake wa taratibu, hutoboa bila kuunguza. Lakini takataka za randa zina balaa lake. Za mti ukiziacha mchangani zinaoza. Za plastiki zikipeperuka zinarudi kule kule zilikookotwa zikiwa vipande vidogo zaidi, hazishikiki tena. Karakana ya kazi hii haifai kuwa chini ya mkungu pwani. Inataka sakafu, ukuta na mtu wa kufagia.

Kwa fundi kijana wa Msuka nisingemshauri aanze na jahazi. Aanze na mbawa za ngalawa. Ni vipande vifupi vilivyo karibu kunyooka, ambavyo mashine inavimudu, na plastiki ya madebe na vizibo huelea yenyewe kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Ubawa ukivunjika, mvuvi anarudi pwani, anafungua kamba na kufunga mwingine. Mkuku haufunguliwi hivyo, na kalibu ya mkuku ni gharama ambayo mtu mmoja hawezi kuibeba bila ushirika wa wavuvi nyuma yake.