Kikokotoo na Bunge (2): Kanuni ikishatoka, nani wa kuifuta?

Wiki iliyopita tulieleza jinsi michango ya mtumishi inavyokatwa na kutunzwa. Leo tunaingia kwenye swali linaloulizwa sana na walimu na wauguzi wa hapa Mazwi, mkoani Rukwa, wanaoelekea miaka 60: kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya kustaafu, kikiwabana wastaafu, mbunge ana uwezo gani wa kukiondoa?

Tuanze na chanzo. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria Namba 2 iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Hesabu ya mafao yenyewe iliachwa kwenye kanuni. Ibara ya 97(5) ya Katiba inaruhusu Bunge kukabidhi kazi hiyo. Kukabidhi, hata hivyo, si kujivua. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinataka kila kanuni iwekwe mezani bungeni ndani ya siku 6 za vikao baada ya kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Isipowekwa, nguvu yake inakoma. Ikiwekwa, mbunge ana siku 14 za vikao kutoa taarifa ya hoja ya kuipinga. Bunge likiazimia, kanuni imekufa. Kinachobaki ni malipo yaliyokwisha kufanyika chini yake, ambayo azimio haliyagusi.

Sasa tuone kilichotokea. Kanuni za 2018 zilishusha malipo ya mkupuo ya waliokuwa wakipata asilimia 50 hadi 25, na vyama vya wafanyakazi vikapiga kelele. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama hivyo Ikulu, Dar es Salaam, akaamuru kila mfuko urudi kwenye hesabu yake ya zamani hadi 2023. SSRA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia sekta ya hifadhi ya jamii, nayo ikavunjwa mwaka uliofuata. Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya cha asilimia 33 kwa wote. Wabunge walikilalamikia kikao baada ya kikao, na Juni 2024 Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, akatangaza katika hotuba ya bajeti kwamba waliokuwa wakipata asilimia 50 kwa hesabu ya zamani watapanda kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa kwenye 25 watapata 35.

Msomaji ataona kwamba mara zote mbili nafuu ilitoka serikalini. Wabunge walisema sana, lakini kilichomfikia mstaafu ni agizo la Rais na hotuba ya bajeti. Mwenye kutoa kwa hiari ndiye anayepanga kiasi cha kutoa, na hapo ndipo penye hasara ambayo wengi hawajaiona.

Chukua mwalimu wa zamani wa PSPF aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, mwenye mshahara wa shilingi 1,200,000. Kwa mwaka ni 14,400,000. Hesabu ya zamani iligawa miezi kwa 540, ikazidisha kwa mshahara wa mwaka, kisha kwa 15.5, na nusu yake ikawa mkupuo: shilingi 74,400,000. Hesabu mpya inagawa kwa 580 na kuzidisha kwa 12.5. Kwa asilimia 33 mwalimu huyo, tukichukua mshahara uleule, anapata takriban 36,870,000. Kwa asilimia 40 anapata 44,690,000. Hata angerudishiwa asilimia 50 kamili, angeishia 55,860,000. Namba mbili, 580 na 12.5, zimekaa kimya huku bunge zima likibishania asilimia.

Haki itendeke kwa upande wa pili: pensheni ya mwezi ya mwalimu huyo ilikuwa 400,000 na sasa ni kama 447,000, nayo hulipwa mpaka mwisho wa uhai wake. Serikali inasema mifuko lazima idumu, na hoja hiyo ina uzito. Lakini huku Ufipa mkupuo ndio unaopaua nyumba, unaonunua maksai na plau, au unaofungua mashine ya kusaga. Nyongeza ya elfu 47 kwa mwezi haiezeki bati.

Marekani nao wana utaratibu wa bunge kufuta kanuni. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2023 mabaraza mawili ya bunge lao yalipiga kura kufuta kanuni ya Wizara ya Kazi kuhusu uwekezaji wa fedha za uzeeni. Rais Joe Biden akatumia kura ya turufu, na kanuni ikasalimika. Kwetu azimio la kifungu cha 38 halipelekwi Ikulu kutiwa saini. Kwa hilo, Bunge la Dodoma lina mkono mrefu kuliko lile la Washington.

Udhaifu wetu uko kwenye muda. Siku 14 za vikao huisha watu wakiwa bado hawajaisoma kanuni. Kwa hiyo vyama vya wafanyakazi vya CWT na TUGHE pamoja na wastaafu wa Rukwa wasisubiri mtu wa kwanza apokee hundi ndogo ndipo walalamike. Kanuni ikitangazwa, mtu aikokotoe kwa mishahara halisi, namba zote tatu (kigawanyo, kizidisho na asilimia), amkabidhi mbunge karatasi hiyo kabla vikao havijaanza.

Wiki ijayo: mstaafu akifariki, wategemezi wanadai nini na wapi?