Japani: misonobari 40 000 yarudi pwani ambapo tsunami iliacha mti mmoja tu

Katika mji wa Rikuzentakata, kaskazini-mashariki ya inchi ya Japani, misonobari 40 000 inakua kwenye mchanga wa kando ya bahari. Kazi ya kuipanda ilianza mwaka wa 2017 na kumalizika mwaka wa 2021. Wazee walioshika majembe wanajua kwamba hawatauona msitu huo ukiwa mrefu kama ule wa utoto wao: itachukua miaka karibu 50.

Msitu wa kwanza ulianza mwaka wa 1667. Mfanyabiashara Kanno Mokunosuke ndiye aliyeanzisha upandaji, kwa sababu upepo wa bahari ulikuwa unaleta chumvi na mchanga kwenye mashamba. Vizazi vilivyofuata viliendelea, hadi misonobari ikafika karibu 70 000, kwenye ufuko wa kilometa 2.

Tarehe 11 mwezi wa tatu 2011, tetemeko la ardhi lilileta mawimbi makubwa ya tsunami. Msitu wote ulifagiliwa, ukabaki mti mmoja. Katika mji huo wa watu karibu 24 000, zaidi ya 1 700 walikufa ao hawakuonekana tena.

Mti uliobaki, wenye urefu wa meta 27, uliwapa wakaaji matumaini. Lakini maji ya chumvi yaliozesha mizizi yake, na mwaka wa 2012 ukatangazwa kuwa umekufa. Shina lake lilitiwa dawa, likasimamishwa tena mwaka wa 2013 pamoja na matawi ya kutengenezwa. Kazi hiyo iligharimu yen karibu milioni 150, pesa za michango. Watu wengine walilalamika kwamba walio hai ndio waliostahili kusaidiwa kwanza.

Mti unaovumilia chumvi

Msonobari mweusi wa Japani hauogopi upepo wenye chumvi, na majani yake hayapukutiki wote kwa wakati mmoja, hata wakati wa baridi. Unaota kwenye mchanga usio na mbolea, kwa sababu uyoga mdogo unaoishi kwenye mizizi yake unausaidia kupata maji na chakula. Lakini unataka jua: ukifunikwa na majani ya pori ungali mdogo, unadhoofika. Ndiyo maana kupalilia ni kazi ya kila mwaka.

Hauvumilii pia maji yanayotuama. Tsunami ilionyesha jambo hilo waziwazi. Mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yalikuwa karibu, mizizi haikushuka sana. Miti iking'oka mizima, na magogo yakabebwa na maji hadi kwenye nyumba. Kwa hiyo, kwenye pwani nyingi za eneo hilo, udongo uliinuliwa kwanza kabla ya kupanda, ili mizizi ishuke zaidi.

Miche hupandwa ikiwa mifupi na kwa kukaribiana, kama 5 000 kwa hektari, ili ikingane na upepo. Baadaye mingine inakatwa, inayobaki ipate nafasi ya kunenepa. Kuna adui mwingine: mnyoo mdogo sana unaobebwa na mdudu na kukausha misonobari. Kwa sababu hiyo wataalamu huchagua miche ya aina inayoweza kuushinda.

Kati ya miche ya Rikuzentakata, kuna iliyotoka kwenye mbegu za msitu wa zamani wenyewe. Zilikuwa zimeokotwa mbele ya tsunami.

Ukuta na msitu pamoja

Safari hii wakaaji hawakuachia miti peke yake kazi ya kuwalinda. Msitu mpya uko katikati ya kuta mbili: ule wa upande wa bahari una meta 3, wa nyuma una meta 12,5. Misonobari inazuia mchanga na upepo wa kila siku, na inaweza kupunguza nguvu ya maji. Siku ya wimbi kubwa, kinachookoa maisha ni kukimbilia mlimani mapema.

Kwa sasa, watu wa kujitolea wanaendelea kuja kupalilia na kubadilisha miche iliyokauka. Watakaopumzika kwenye kivuli chake ni wajukuu wao.