Saa za Mazoezi ya Mtoto Ziwe na Kipimo

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapokaribia, shule za Marekani hufungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi ambayo hudumu kama wiki 10. Katika kipindi hicho kumbi za jimnastiki nazo hubadili ratiba. Mtoto aliyekuwa akifanya mazoezi jioni baada ya masomo hutakiwa afike asubuhi, na saa zake huweza kuongezwa hata zikawa mara mbili ya zile za awali. Hapo ndipo mzazi hukabiliwa na suali zito: ni saa ngapi kwa wiki zinazomfaa mtoto anayeshindana katika mchezo huu?

Suali hili si la watu wa mbali peke yao. Wako ndugu zetu wa Visiwani wanaolea watoto katika miji ya Marekani na Uingereza, na watoto hao huingia katika kumbi hizo pamoja na wenzao. Na hapa kwetu, vijana wa halaiki wanaopamba sherehe za Mapinduzi hufanya mazoezi ya viungo kwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo mzazi, mwalimu na kiongozi wote wana haki ya kulijua jambo hili kwa undani.

Kwanza tuwatendee haki wale wanaotaka saa nyingi. Hoja yao ina uzito. Nchini Marekani mashindano mengi ya wasichana hufanyika kati ya Januari na Mei. Kiangazi ndio wakati wa kujifunza mambo mapya pasi na hofu ya waamuzi. Mtoto hana masomo ya kumchosha, na mwili wake ungali laini. Wahenga wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nao huutaja mfano wa Nadia Comăneci wa Romania, ambaye mwaka 1976 mjini Montreal, akiwa na umri wa miaka 14 tu, alitunukiwa alama 10 kamili mara saba katika Michezo ya Olimpiki.

Lakini samaki mbichi naye huvunjika akikunjwa kwa pupa. Mifupa ya mtoto hurefuka kwenye ncha zake, ambako kuna tabaka la gegedu ambalo halijakomaa. Katika jimnastiki mikono hubeba uzito wa mwili mzima kama miguu, na kifundo cha mkono hupokea kishindo baada ya kishindo. Mgongo nao hupindwa kwa nyuma mara nyingi, hata pingili za kiuno zikaweza kupata ufa. Madhara haya hayatokani na ajali ya ghafla; hujijenga kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa sababu mwili haukupewa nafasi ya kujitengeneza. Boriti ya mchezo huu ina upana wa sentimita 10 na iko sentimita 125 juu ya ardhi. Mtoto aliyechoka akiwa juu yake yumo hatarini, hata kama ujuzi anao.

Mwaka 1980, majuma machache kabla ya Michezo ya Moscow, Elena Mukhina wa Urusi ya Kisovieti, bingwa wa dunia wa mwaka 1978, alianguka mazoezini mjini Minsk akavunjika shingo. Alikuwa amerudi mazoezini baada ya kuvunjika mguu mwaka uliotangulia. Umri wake ulikuwa miaka 20. Aliishi amepooza hadi alipofariki mwaka 2006. Nchini Uingereza, ripoti iliyotolewa mwaka 2022, baada ya kupokea maelezo ya watu zaidi ya 400, ilieleza habari za watoto waliofanyizwa mazoezi wakiwa wameumia, na wengine kunyimwa chakula na maji. Shirikisho la dunia la mchezo huu nalo lilikwisha kuona haja ya kuwalinda watoto: mwaka 1981 lilipandisha umri wa chini wa kushindana katika mashindano makubwa ukawa miaka 15, na mwaka 1997 ukawa miaka 16.

Sasa tuje kwenye kipimo. Mwaka 2015 watafiti wa Chicago walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanamichezo vijana zaidi ya 1,000. Waligundua kwamba mtoto anayefanya mazoezi kwa saa za wiki zinazozidi idadi ya miaka yake alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata majeraha mabaya ya kuchosha viungo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho, mwaka 2016, kilishauri mtoto apumzike na mchezo wake siku moja au mbili kila wiki, na kwa mwaka apate jumla ya miezi mitatu ya kuuacha mchezo huo, mwezi mmoja mmoja.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 12. Wakati wa masomo hufanya mazoezi siku nne, saa tatu kila siku. Jumla saa 12, sawa na umri wake. Ukumbi unapendekeza siku tano za saa tano tano, yaani saa 25 kwa wiki. Hii ni zaidi ya mara mbili ya alichozoea, tena kuanzia wiki ya kwanza. Kwa maoni yetu, mtoto huyo apewe wiki nne za mwanzo za likizo bila ya jimnastiki. Aogelee, acheze na wenzake, alale usingizi wa kutosha, ambao kwa mtoto wa umri huo ni saa 9 hadi 12. Kisha arudi kwa saa zake 12, na akionekana mzima ziongezwe nusu saa kwa siku, ziwe 14, kwa wiki zilizosalia. Saa hizo mbili zimepita miaka yake, ni kweli, lakini anazifanya asubuhi akiwa na nguvu, wala hana mzigo wa shule. Zaidi ya hapo hatuoni hoja ya kutosha.

Wako watakaosema kuwa bingwa hapatikani hivyo. Tuwaombe wamtazame Simone Biles. Saa zake ziliongezwa kutoka kama 20 hadi 32 kwa wiki mwaka 2012, alipokuwa na umri wa miaka 15 na akasomeshwa nyumbani. Mwaka 2021 mjini Tokyo alijiondoa katika mashindano ya timu alipohisi akili na mwili havielewani hewani. Alipumzika, na mwaka 2024 mjini Paris, akiwa na miaka 27, alitwaa tena ubingwa wa jumla. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishindana mjini Tokyo akiwa na miaka 46. Mchezo huu si wa kumaliza utotoni.

Sote tuliopita chuoni tunalijua jambo hili. Mwalimu hampi mtoto juzuu nzima kwa siku moja. Humpa aya chache, azirejee mpaka zikae, ndipo aongezwe nyingine. Na Alkhamisi jioni na Ijumaa mtoto hupumzika. Kwa utaratibu huo huo, watoto wengi wamehitimu bila ya kukichukia chuo.

Wazazi wasiuachie ukumbi peke yake uamuzi huu, kwani ukumbi hulipwa kwa saa, na mwalimu hutafuta ushindi. Wamuulize mtoto mwenyewe, tena wasimuulize mbele ya mwalimu wake. Maumivu yasiyoisha baada ya siku mbili, usingizi unaokatika, kupungua uzito, kukosa hedhi kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, na kulia wakati wa kwenda mazoezini ni dalili za kupunguza saa mara moja na kumwona daktari.

Kwa viongozi wetu, wajibu uko wazi. Ratiba ya halaiki na ya kila timu ya watoto iandikwe ikionyesha siku za mapumziko kama inavyoonyesha siku za mazoezi. Maji na kivuli viwepo. Na mtoto aliyeumia arudi kwa kauli ya daktari. Haya hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji nia. Medali huvaliwa siku moja. Mgongo na viungo mtoto atavitumia maisha yake yote, katika kujenga nyumba yake na nchi yake.