Mwanachama asiyechanga

Msomaji wa Mubambiro, pale barabara ya Goma inapokaribia kuingia Sake, ameniandikia: "Mama, redioni wamesema nyutrino zimepimwa uzito kwa kutazama galaksi. Kitu kinachopenya dunia nzima bila kugusa jiwe, kinakaa kwenye mizani gani?"

Nyutrino ni chembe ndogo mno isiyo na chaji; mengine mwalimu wa fizikia ataeleza. Mimi nina haraka ya kufika kwenye utamu. Ujue tu kwamba kijiko cha chai kitupu mkononi mwako kina nyutrino zaidi ya 1,600 zilizobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Zilizaliwa na mbio. Maada nyingine ilipovutana na kurundikana hadi ikawa galaksi, nyutrino zilipita tu. Tabia hiyo naiita upitilizaji. Nilijaribu "mtiririko huru" nikauacha, maana mto nao hutiririka, lakini mto hufuata bonde, na nyutrino haijali bonde. Kupitiliza ndiko hasa: umemwambia mwenye pikipiki akushushe Sake, unajikuta Kirotshe.

Sasa chukua AVEC ya akina mama, chama chao cha kuweka akiba na kukopeshana. Si likelemba, maana likelemba pesa inazunguka tu. Kwenye AVEC inazaa. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Tufanye wanachama ni 100, ingawa AVEC halisi haifiki huko. Mmoja wao jina limo kwenye orodha, ila kila kikao anapita mlangoni, anasalimia, huyo! Wiki ya kwanza imepungua franga moja kwa mia, nani ataona? Lakini franga isiyoingia leo haikopeshwi kesho, na riba ambayo haikuzaliwa kesho haizai keshokutwa. Nyutrino ni hivyohivyo. Uzito wake umo kwenye orodha inayoamua ulimwengu utanuke kwa kasi gani, ila hauchangii mvuto wa kurundika galaksi. Zikiwa asilimia 1 ya maada, baada ya miaka bilioni 13 na zaidi kipimo cha mrundikano kimepungua karibu asilimia 8. Nane, kwa mtoro mmoja!

Kwa hiyo huna haja ya kumkimbiza mtoro. Fungua sanduku, hesabu. Mradi wa DESI, kwenye darubini ya Arizona, ulihesabu galaksi na kwasa zaidi ya milioni 14, ukaunganisha na mwanga wa kale wa ulimwengu, na Machi 2025 ukatangaza: aina zote tatu za nyutrino kwa pamoja hazizidi elektronivolti 0.064, nyepesi kuliko elektroni mara milioni 8 hivi. Majaribio ya nyutrino kubadilika aina, yaliyopewa Nobel ya 2015, yanadai zisipungue takriban 0.06. Pamebaki upenyo wa wembe. (Hesabu inachukulia kwamba nishati ya giza, ile inayosukuma ulimwengu utanuke, haibadiliki. Tuendelee.)

Na kama mtoro alifariki katikati ya mwaka, jina likafutwa? Sanduku litaonekana limenona, nasi tutadhani alikuwa mwepesi tangu mwanzo. Nyutrino zinazooza njiani zingeweza kuwa nzito mara kadhaa kuliko DESI inavyoruhusu. Ndiyo maana nalitazama jaribio la KATRIN la Karlsruhe, Ujerumani, lililopima uzito wa nyutrino mojamoja maabarani, bila galaksi hata moja. Mwaka 2025 liliweka kikomo cha elektronivolti 0.45. Siku maabara itakapokuta nyutrino nzito ambayo galaksi zinaikana, nitaulizia kwanza tarehe ya msiba.