Kutoka Kiprono hadi Rono: majina ya ukoo yalivyozaliwa Kaptagat

Faith Kipyegon anapojipanga kwenye mstari wa kuanzia mbio, mtangazaji wa Ulaya hulitamka jina lake bila wasiwasi. Mzee wa Kikalenjin anayefuatilia redioni ana haki ya kutabasamu, kwa kuwa katika mila zake jina lenye Kip mwanzoni ni la mwanamume. Jina la bingwa huyo mwenyewe, la kuzaliwa, ni Chepngetich: msichana aliyekuja duniani wakati ng'ombe wanaamka kwenda malishoni. Kipyegon limetoka upande wa baba.

Kipyegon, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki tatu mfululizo, ni mmoja wa wanariadha wa kambi ya Kaptagat, nje kidogo ya Eldoret, kwenye nyanda za msitu zenye urefu wa takriban mita 2400 juu ya usawa wa bahari. Hata mahali penyewe pana mtindo huo wa majina. Kap humaanisha nyumbani kwa fulani, na ndiyo maana Bonde la Ufa limejaa Kapsabet, Kapsowar na Kapseret.

Zamani Mkalenjin hakuwa na jina la ukoo kama Mwingereza anavyolielewa. Mtoto alipewa jina kufuatana na saa au hali aliyozaliwa nayo, likiwa na Kip kwa mvulana na Chep, Che au Jep kwa msichana. Aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech. Wa mchana ni Kibet au Chebet, wa jioni giza likiingia ni Kiplagat au Jelagat. Mvua ikinyesha, Kiprop au Cherop. Wageni wakiwa wamefika, Kiptoo au Cheptoo. Mama akijifungulia safarini, Kipruto au Cheruto. Karibu na ghala la nafaka, Kipchoge. Juu ya hayo palikuwa na jina la wahenga, kurenet: wazee walitaja majina ya waliotangulia mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya jina fulani linapotajwa, basi huyo ndiye aliyerudi.

Kwa utaratibu huo watoto sita wa nyumba moja walikuwa na majina sita yasiyofanana hata kidogo, na hakuna aliyeona tatizo. Kila mtu kijijini alijua nani ni wa nani.

Jina la baba lilikuja baadaye. Kijana akishatahiriwa alipata heshima ya kuitwa arap, yaani mwana wa, likifuatiwa na jina la baba lililoondolewa Kip yake. Mwana wa Kiprono akawa arap Rono, wa Kipkoech akawa arap Koech, wa Kiprotich akawa arap Rotich. Mfano unaojulikana zaidi ni Rais wa pili wa Kenya, Daniel Toroitich arap Moi, ambaye baba yake aliitwa Kimoi. Lakini Kimoi mwenyewe alikuwa arap Chebii. Jina lilidumu kizazi kimoja tu, kisha likampisha lingine.

Waingereza nao walipitia humo humo. Johnson alikuwa mwana wa John kwelikweli, na mtoto wa huyo Johnson angeweza kuitwa Richardson kama baba yake alikuwa Richard. Katika karne ya 13 na ya 14, urithi wa ardhi na orodha za kodi, ikiwemo kodi ya kichwa ya mwaka 1377, vilisaidia kuyagandisha majina hayo. Wawelsh, jirani zao, walikuwa na neno linalokaribiana ajabu na arap, ingawa ni sadfa tu: ap. Wales ilipotiwa chini ya sheria za Uingereza kati ya 1536 na 1543, makarani walitaka jina moja lisilobadilika. Ap Hywel akawa Powell, ap Rhys akawa Price.

Kenya ilifanyiwa vivyo hivyo, ila kwa kasi zaidi. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande, chenye jina na alama za vidole, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Misheni zikaongeza jina la ubatizo, shule zikataka jina la baba, na daftari halikuwa na subira na kijana anayebadilisha jina baada ya jando. Rono aliyekuwa mwana wa Kiprono akabaki Rono, na watoto wake na wajukuu wake vilevile, hata kama hakuna Kiprono yeyote aliye hai katika boma hilo.

Mgando haukuwa sawa kila mahali, na hapo ndipo orodha za mbio zinaponoga. Patrick Sang, kocha wa Kaptagat aliyepata fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992, ana umbo lililokatwa. Wilson Kipsang, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2013, ana umbo zima la jina lilelile. Kuna Bernard Lagat, na kuna Edna Kiplagat, mwanamke, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Peres Jepchirchir, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Sapporo mwaka 2021, hukimbia kwa jina la kike, la mtoto aliyezaliwa kwa haraka. Umbo lake la kiume, Kipchirchir, ni jina la kuzaliwa la Rais William Ruto.

Wageni huuliza sana kama Eliud Kipchoge ni jamaa ya Kipchoge Keino, shujaa wa Mexico mwaka 1968. Swali lenyewe ni la Kizungu. Wote wawili ni Wanandi, na jina hilo wanalichangia na wanaume wengi wasiojuana. Undugu wa Wanandi hutafutwa kwenye ukoo wenye mnyama wake, simba kwa Talai, fisi kwa Tungo, na wazee hulitazama hilo vijana wanapotaka kuoana. Ukoo huo hauna nafasi kwenye kitambulisho cha taifa.